Taa Zilipozimika

Desemba, kusini mwa Aislandi.
Jua huchungulia saa tano asubuhi,
saa tisa limekwisha kuaga,
kama mgeni aliyekataa hata kuvua viatu.

Lakini ndani ya nyumba ya vioo ya Bi Steinunn
ni adhuhuri tangu Oktoba:
taa mia sita zimening'inia juu ya minyanya,
na minyanya, isiyojua kalenda,
inapanda kamba, inachanua, inashona.

Inashona nini? Bogumil aliuliza siku ya kwanza.
Mama yule akamwonyesha bomba jembamba sakafuni
likitoa hewa ya ukaa, sss, sss, mchana kutwa.
"Huo ndio uzi," alisema. "Nuru ni sindano.
Nyanya ni nguo tu."
Kisha akaenda kuhesabu makreti.

Bogumil akakohoa. Si kwa hewa ile.
Alimkumbuka baba yake, Alojz, mchimbaji wa Silesia,
aliyeshuka mita mia saba kila alfajiri
kufukua misitu iliyozikwa
kabla ya mfupa wowote kuitwa mtu:
makaa ya mawe, jua lililolala,
kaboni iliyonaswa na majani yasiyo na jina.
Mzee aliileta nyumbani kwenye kucha, kwenye kope,
na ile ambayo sabuni haikuifikia.
Alikufa na miaka hamsini na minne,
kifua kimejaa msitu.

*

Mtegemea cha nduguye hufa maskini,
tunawaambia watoto, huku tukitafuna.
Nani kati yetu amewahi kula jua likiwa bichi?
Ng'ombe kakopa kwa nyasi, mimi kwa ng'ombe,
kupe kwangu,
uyoga utatudai sote, kwa zamu, bila haraka.
Na mwenye mali amesimama tu pale, kijani,
hana hata mdomo wa kutudai.

*

Usiku wa tarehe kumi na tisa dhoruba iliangusha nguzo.
Taa zote, kwa mpigo mmoja. Giza totoro.
Kipimo cha hewa kilikuwa na betri yake;
Bogumil akakimulika kwa simu, akakisoma, akakisoma tena.
Bomba amelifunga kwa mkono wake,
na bado namba zinapanda.
"Linavuja!"
"Halivuji," alijibu Bi Steinunn kutoka gizani.
"Ni hiyo minyanya. Usiku nayo hula akiba yake.
Inapumua kama wewe."

Akasimama katikati ya mistari elfu ya majani,
akasikiliza.
Hakusikia kitu. Lakini hakuwa peke yake.

Wakatoka kukagua vali ya maji moto,
upepo ukiwasukuma kama mdai.
Nyuma ya jengo chemchemi inanuka mayai viza,
na ndani yake, pembezoni mwa mchemko,
nyuzi za rangi ya waridi zilikuwa zikicheza.
"Na hawa je, wanakula nini?"
"Unachozibia pua. Salfa, hidrojeni,
chochote mwamba unachotapika.
Uzi wao ni uleule wetu. Sindano ndiyo nyingine."
Kwao nguzo haikuanguka.
Kwao hata Desemba haijawahi kufika.

*

Saa kumi alfajiri umeme ulirudi, ukipepesa kwanza.
Bi Steinunn alifungua daftari: saa sita zimepotea.
Akazipigia mstari mara mbili.

Bogumil alikwenda mwisho wa mstari wa tisa,
akashusha skafu, akalisogelea jani moja changa,
akalipulizia.
Ndani ya pumzi ile kulikuwa na mkate wa jana,
ngano ya mkulima asiyemjua,
na labda, nani ajuaye, chembe moja
iliyowahi kupita kwenye jiko la mama yake kule Silesia,
ikapanda dohani, ikazunguka dunia, ikachoka.

Jani halikushukuru. Lilikuwa kazini.

Akachuma nyanya moja iliyoiva,
akaipangusa kwenye koti,
akaomba chumvi.